Oili ya Elfu Tano

Ingia leo kwenye duka lolote la oili Kariakoo, upande wa Gerezani, na kabla hujataja gari lako utaulizwa: "Ya elfu tatu au ya elfu tano?" Siku hizi ipo hadi ya elfu kumi. Oili inauzwa kwa kilometa kama vocha ya simu inavyouzwa kwa dakika. Mteja anapima mfuko wake, anachagua kilometa anazozimudu, anabeba galoni la lita nne, na habari imeishia hapo.

Miaka ya sabini swali lilikuwa jingine: "Thelathini au arobaini?" Muuzaji alikuwa anauliza uzito wa oili, na ili umjibu ilikupasa ujue injini yako ni ya namna gani, imechoka kiasi gani, na unakwenda nayo wapi. Zaidi ya hapo hapakuwa na la kuchagua. Oili ilikuwa ya kopo la bati au ya kupima kutoka kwenye pipa, basi. Kilometa zilikuwa shauri la mwenye gari na fundi wake, na namba waliyoitaja mara nyingi ilikuwa elfu tano, ile ile ambayo leo imehamia dukani. Namba imedumu. Sababu zake ndizo zilizopotelea njiani.

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule wilayani Korogwe, na gari lake lilikuwa Volkswagen 1300, lile la mgongo wa duara lenye injini nyuma. Kazi ilimpeleka Mombo, ikampeleka Handeni, ikampandisha kona za Soni mpaka Lushoto. Kwa kuwa serikali ilimlipa posho ya kilometa mtumishi aliyetumia gari lake mwenyewe, kila safari iliandikwa daftarini: tarehe, alikotoka, alikokwenda, mita ilisoma ngapi kuondoka na ngapi kurudi. Pole pole daftari la posho likageuka kuwa daftari la gari. Pembeni, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, aliandika petroli aliyojaza, oili aliyoongezea na siku ya kumwaga.

Siku ya kumwaga oili ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa shughuli ya asubuhi nzima. Fundi wetu alikuwa mzee aliyestaafu kwenye karakana ya shamba la mkonge, ambako alijifunzia kazi kwenye matrekta na mashine za kuchakatia. Tulimwita Babu Fundi. Kwanza alimwagiza baba aliendeshe gari hadi stesheni na kurudi ili oili ipate moto. Oili ya baridi, alisema, inashuka peke yake na kuuacha uchafu ndani. Halafu karai likasukumwa chini ya injini, na sisi watoto tukaambiwa tukae mbali, jambo ambalo hakuna aliyelitii.

Volkswagen ile haikuwa na filta ya oili ya karatasi. Ilikuwa na chujio la waya tu, limefungwa chini ya injini kwa sahani ya duara yenye nati sita. Babu Fundi alizifungua kwa spana namba kumi, moja moja, akizipanga juu ya gazeti kwa mduara ule ule zilivyokaa. Chujio lilitoka limelowa tope jeusi. Kabla hajalisafisha kwa petroli na mswaki mkuukuu, alilisoma. Alilipeleka kwenye jua, akaligeuza, akapitisha kidole, kisha akapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Chembe za rangi ya fedha zisizonasa kwenye sumaku zilimtia wasiwasi wa beringi. Zilizonasa zilimtia wasiwasi wa ringi au kamshafti. Asipoona chochote, alisema "salama" na kumwonyesha baba, na baba aliinama kuangalia hata kama hakuona kitu. Neno hilo nalo liliandikwa kwa wino mwekundu.

Washa za shaba zilizokaa chini ya zile nati hazikupatikana madukani. Babu Fundi alizilaza kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye maji, na shaba iliyokwisha kukakamaa ikalainika, tayari kuziba tena. Gasketi tulizikata kwa mkasi kutoka kwenye majalada ya mafaili ya ofisi ya elimu. Ndipo ikamiminwa oili mpya, lita mbili na nusu. Hiyo ndiyo oili yote ya gari lile, na ilikuwa na kazi mbili: kulainisha, na kusaidia kupoza, maana Volkswagen haikuwa na rejeta wala tone la maji. Hewa na oili ndivyo vilivyoibeba injini hiyo kupanda Usambara.

Ukizijua hizo lita mbili na nusu, utaielewa elfu tano. Oili ilikuwa kidogo na haikuchujwa vya kutosha. Petroli ilikuwa na risasi ndani yake. Kabureta lilipimiwa kwa bisibisi na sikio la fundi, na asubuhi za baridi kule Lushoto baba alivuta choki, petroli mbichi ikapenya kwenye ringi na kushukia kwenye oili ikiipunguza nguvu. Oili zenyewe zilikuwa za namba moja tu, nzito asubuhi na nyepesi mchana, na dawa zilizochanganywa humo kupambana na masizi na tindikali zilikuwa chache kuliko za sasa. Halafu kulikuwa na vumbi. Juu ya injini kulikaa bakuli la kuchujia hewa, nalo lilikuwa na oili yake, kazi yake kunasa mchanga kabla haujaingia kwenye silinda. Baada ya safari ya Handeni wakati wa kiangazi, chini ya bakuli hilo palikuwa na matope mekundu ya kutosha kufinyangia.

Kwa hiyo hata elfu tano haikuwa amri. Daftari linaonyesha kwamba miezi ya kiangazi, baba alipozunguka shule za vijijini, oili ilimwagwa mapema zaidi. Mwaka aliokuwa akienda Dar es Salaam mara kwa mara kwa lami, iliachwa ikapitiliza. Babu Fundi ndiye aliyekuwa akiamua, kwa sheria aliyopenda kuirudia: oili haizeeki kwa kutembea, inazeeka kwa kubeba. Inabeba masizi, inabeba petroli, inabeba maji yanayotokana na mvuke wa injini baridi, inabeba vumbi. Ikishindwa kubeba zaidi, imwagwe, mita isome inachosoma.

Kisha ikaja miaka ambayo hapakuwa na cha kumwaga. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na haukufunguliwa mpaka 1983. Vita vya Kagera vilikula fedha, bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Jumapili ikifika saa nane mchana, magari ya binafsi yaliegeshwa kwa amri ili kubana matumizi ya petroli. Kopo la oili likawa kitu cha kibali, na kibali kikawa kitu cha kujuana. Kwetu Tanga, aliyekuwa na ujasiri alijua njia za panya za upande wa Horohoro. Kopo likiisha halikutupwa: lilitobolewa, likatiwa utambi, likawa koroboi.

Watu wakaanza kuchuja oili chafu. Waliituliza kwenye dumu wiki kadhaa, wakaipitisha kwenye kitambaa cha kanga, wakairudisha kwenye injini. Ilitoka inapendeza. Babu Fundi hakukubali hata mara moja. Kitambaa, alisema, kinashika kinachoonekana. Alikuwa sahihi kuliko alivyoweza kueleza: petroli iliyochanganyika na oili haishikwi na kanga, tindikali haishikwi, na dawa zilizokwisha kazi yake hazirudishwi kwa kutuliza dumu. Baba alichagua kuegesha gari, akaenda kukagua shule kwa basi na kwa miguu. Wenzake waliochuja walianza kutoa moshi wa bluu mmoja baada ya mwingine, na karakana chache zilizobaki zikajaa injini zilizovuliwa, zikisubiri ringi ambazo hakuna aliyejua zingefika lini.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa. Maduka yakajaa taratibu, oili nayo ikarudi. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini, kwanza Corolla na Starlet, halafu mafuriko yenyewe: Vitz, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza 1999, na IST iliyofuata 2002. Kwa mara ya kwanza mwalimu, nesi na karani waliweza kuota gari na wakalipata.

IST yangu ilikuja na kikaratasi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa Kijapani, ila tarakimu zilisomeka. Palikuwa na kilometa, mwezi, na mwaka: 17. Jirani yangu alishangilia kwamba nimepata gari lililohudumiwa juzi juzi, mwaka 2017. Ilikuwa 17 ya enzi ya Heisei, ambayo kwa kalenda yetu ni 2005. Ndani ya kasha la dashibodi mlikuwa na kitabu cha gari, safi, hakijapinda hata ukurasa, nacho chote kwa Kijapani. Nadhani magari mengi ya nchi hii yanatembea hivyo hivyo: kila neno ambalo mtengenezaji alitaka mwenye gari alijue limo humo ndani, na hakuna aliyemo humo anayeweza kulisoma.

Kingesomeka, tungeona jinsi sababu za Babu Fundi zilivyoondoka moja baada ya nyingine. Injini ya IST ya lita moja na nusu, ile inayoitwa 1NZ, inabeba oili kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Filta ipo, ya karatasi, na inachuja kila mzunguko. Choki hakuna, kompyuta inapima petroli tone kwa tone. Risasi iliondolewa kwenye petroli ya nchi zetu za kusini mwa Sahara ilipoingia 2006. Oili yenyewe imekuwa kitu kingine, na ndiyo maana Toyota, kwa wateja wake wa Japani, iliandika kilometa 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na tabo. Hapo ndipo mpwa wangu, aliyekwisha kuyasoma hayo kwenye simu, aliponiambia kwamba mafundi wetu wanatuibia.

Fundi wangu akasema elfu tatu. Mpwa akasema elfu kumi na tano. Nilipomuuliza kila mmoja kwa nini, fundi alisema ndivyo ilivyo, na mpwa akasema ndivyo walivyoandika.

Walioandika walikuwa wameandika na mstari wa pili. Gari likitumika katika mazingira magumu, mtengenezaji yule yule anaikata namba nusu: 7,500, au miezi sita, kinachotangulia. Mazingira magumu yametajwa pia: njia za vumbi na mashimo, milima, safari fupi fupi ambazo injini haipati moto wa kutosha, na kukaa muda mrefu injini inanguruma gari likiwa limesimama. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezewa hilo la mwisho.

Piga hesabu. Gari linalokwenda Tanga kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa litamaliza kilometa 5,000 baada ya saa 83 hivi za injini kufanya kazi. Gari linalotoka Mbagala au Kimara kwenda Posta na kurudi, kwa wastani wa kilometa 15 kwa saa, litazimaliza baada ya saa 333. Mita inasoma kilometa zile zile. Oili moja imefanya kazi mara nne ya nyingine, tena kwenye joto, bila upepo, kiyoyozi kikivuta. Mita ya gari inahesabu magurudumu. Foleni haihesabu.

Ukichanganya hayo na petroli ambayo si kila siku ni ile uliyoahidiwa, na gari ambalo lilikwisha kufanya kazi miaka kumi Japani kabla ya kukufikia, mwenye gari dogo wa mjini anajikuta amerudi palepale: elfu tano, au miezi sita. Namba ya baba. Lakini ya baba ililetwa na oili dhaifu na injini iliyovuta vumbi la Handeni, na yangu imeletwa na Barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni. Anayeijua tofauti hiyo anaweza kuipandisha akihamia Dodoma na kutembea kwa lami tupu, na kuishusha akianza kubeba abiria wa mtandaoni kutwa. Asiyeijua atashika elfu tano mpaka injini imkatalie, au ataiacha siku rafiki atakapomcheka.

Uzito nao una hadithi yake. Madukani utaambiwa: "Mzee, hii nchi ya joto, weka 20W-50." Ushauri huo ni wa ukoo wa oili namba 40 ya Volkswagen, na kwa injini ile ya hewa, iliyochemka kwa kadiri ya jua na mlima, ulikuwa na maana. Injini ya maji ina thermostati. Iwe Tokyo au Tandika, ikishapata moto inashikiliwa karibu na joto lile lile. Jua la nje linahusika zaidi wakati wa kuwasha, na hapo ndipo namba ya kwanza, yenye W, inapozungumza: jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ya pili inapimwa kwenye nyuzi 100, na ndiyo maana 10W-40 ikishachemka ina uzito wa kundi moja na namba 40 ya zamani. Kilichobadilika ni asubuhi.

Na asubuhi ina umuhimu wake kwenye injini hizi ndogo. Chini ya kifuniko kuna mnyororo wa taimingi unaokazwa kwa presha ya oili, na kuna VVT-i, mtambo unaogeuza muda wa valvu kwa kusukuma oili kwenye vijitundu ambavyo Volkswagen haikuvijua. Viliundwa kwa oili nyepesi, 5W-30 na jamaa zake. Sisemi 20W-50 ni sumu. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za joto viliiruhusu kwenye injini nyingi za kizazi kile, na injini iliyochoka inayokula oili inaweza kutulia nayo kidogo. Lakini kuanzia hapo, kwa injini nzima, ni kuivalisha koti la mtu mwingine bila kuuliza.

Kuna herufi ndogo ambazo karibu hakuna mnunuzi anayezitazama, wakati ndizo zinazosema zaidi kuliko picha ya gari la mashindano iliyo mbele ya galoni. Ni za Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Herufi ya kwanza S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Herufi inayofuata inapanda na miaka: SF ni ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, SN ni ya 2010, SP ya 2020. Zote hadi SH zimeshatangazwa kuwa zimepitwa. Hata hivyo galoni lenye SF linaweza kukaa rafu moja na lenye SP, na yote mawili yakaitwa "ya elfu tano". Enzi za Babu Fundi tusingekuwa na herufi ya kuchagua. Sasa zipo, bure, na tunachagua rangi ya galoni.

Wingi umekuja na balaa lake. Kopo la kibali halikuwa na feki. Nani angehangaika kughushi kitu ambacho hata halisi hakionekani? Leo galoni tupu la jina kubwa lina soko lake, na Tume ya Ushindani kila mara inapambana na bidhaa bandia. Oili iliyochujwa, ile ile aliyoikataa mzee wa mkonge, imerudi ikiwa na kifuniko kipya. Dawa ya mwenye gari ni ndogo: nunua kwa wakala anayefahamika, tazama lakiri na alama ya TBS, na ukishamwaga, toboa galoni lako tupu kwa bisibisi kabla hujaliacha gereji.

Lakini kinachonisikitisha kuliko feki ni kijiti cha kupimia oili. Baba alikitoa kila asubuhi ya safari, akakifuta kwa kitambaa kilichokaa humo humo chini ya boneti ya nyuma, akakirudisha, akakitoa tena. Dereva wa leo anasubiri taa. Ile taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili inaonyesha presha, haionyeshi kiasi. Ikiwaka kwa sababu oili imepungua, tayari pampu inavuta hewa na beringi zinasagana. Nimeona magari yenye kikaratasi cha sevisi kinachosema bado kilometa elfu moja na mia mbili, na kwenye kijiti hakuna kitu. Injini ilikula oili yake kimya kimya, lita baada ya lita, huku mwenye gari akiamini kikaratasi. Ikishanoki, haivuliwi tena kusubiri ringi. Inatupwa, inaletwa nyingine ya mtumba kutoka bandarini, na hadithi inaanza upya kwa oili ya elfu tatu.

Kuna na kosa la upande wa pili. Galoni ni lita nne, injini inataka 3.7, na mteja ameshalipia lita nne. Mara nyingi zinamiminwa zote. Oili ikipita alama ya juu, krenki inaweza kuipiga na kuitia povu, na povu halilainishi kitu. Hicho kidogo kinachobaki kwenye galoni ndicho hasa cha kuongezea katikati ya safari, na kijiti ndicho kinachosema lini.

Kwa muda mrefu nililaumu mafundi kwa haya yote. Niliwaza kwamba watu wa aina ya Babu Fundi wamekufa na elimu yao, wakatuachia vijana wa kubadilisha vipuri. Mwaka jana, kwenye gereji moja Tabata, nilikataa kwenda kukaa kwenye kibanda cha chai kama wateja wengine, nikasimama pale pale. Fundi alikuwa kijana aliyesomea VETA. Alisubiri injini ipoe kiasi, akafungua nati ya sampo, na oili ilipokuwa inakata alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Kisha akaikata filta ya zamani kwa msumeno wa chuma, akaikunjua ile karatasi, akaipeleka kwenye jua.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Chuma, mzee. Hapa ni salama. Ila inanuka petroli kidogo. Unakwenda safari fupi sana?"

Nilimwambia ndiyo, tangu nistaafu ni sokoni na msikitini tu. Akasema basi nisingoje elfu tano, nimwage kila miezi sita hata kama mita haijafika, na kila nikipata nafasi niipeleke Bagamoyo na kurudi, ichemke vizuri, itoe mvuke. Yote hayo nilikwisha kuyasikia, kwa lafudhi ya Kibondei, nikiwa mtoto.

Nikamuuliza mbona hawaambii hivi wateja wake wote. Akacheka.

"Nawaambia saa ngapi, mzee? Anakuja hapa, ananipa ufunguo, anaondoka na bodaboda. Jioni anatuma hela kwa simu, anauliza jambo moja tu, imeisha? Nikimwandikia kikaratasi, anakipiga picha. Mimi hizi filta nazikata kwa faida yangu mwenyewe."

Nilimlipa, nikamwomba aandike kwenye kikaratasi mwezi pamoja na kilometa. Akasema nafasi ya mwezi haipo, vikaratasi vimechapwa na kilometa tu. Tukageuza upande wa nyuma, akaandika huko.